Ardhi Ilitikisika, Wakaliangalia Kopo la Mvua

Wiki ya kwanza baada ya kukabidhi funguo za stoo, ardhi ilitikisika. Si sana. Vikombe viligongana kabatini, mbuzi wakanyamaza, na mke wangu akaniita kwa majina yangu yote matatu kana kwamba ni mimi niliyefanya. Kabla sijafika uani simu ilikuwa inaita. Alikuwa jirani yangu wa hapa Ngulyati.

"Ngosha, hii maana yake mvua zitawahi au zitachelewa?"

Nikamwambia nimestaafu.

"Ndiyo najua, lakini maana yake nini?"

Swali hilo nimeulizwa kanisani, mnadani, kwenye foleni ya benki na msibani, na kila nilipojibu mtu aliondoka amenuna. Neema, ambaye sasa ndiye mkuu wa zamu ya asubuhi kituoni kwetu cha hali ya hewa, aliposikia habari hiyo alicheka, kisha akaniomba niwaandikie ninyi mliobaki. Basi naandika. Vyeo sitavitaja, maana havikuwa vingi. Nitaandika juu ya kazi, na juu ya mtu mmoja aliyeifanya vizuri kuliko wengi wetu, ikamuua.

Nilifika Bariadi kutoka kwetu Binza, Maswa, nimevaa viatu vya kung'aa na suruali iliyopigwa pasi. Mzee Lugembe, aliyekuwa amekabidhiwa kunifundisha, aliviangalia viatu vile, akanipa kijiti chenye pamba nikatoe utando wa buibui kwenye kipima mvua. "Mvua ya huku ni chache," alisema, "tusimgawie buibui." Ndiyo ilikuwa hotuba yake ya kunikaribisha.

Mnavijua vyombo, lakini nitavieleza kwa ajili ya atakayesoma ambaye hajawahi kuingia uwanjani kwetu. Kipima mvua ni mtungi wa bati uliochimbiwa ardhini mpaka nusu, una mdomo kama wa faneli ya kumiminia mafuta, na ndani yake kuna chupa. Kila asubuhi saa tatu unaitoa chupa, unamimina maji kwenye gilasi yenye mistari, unasoma. Mtoto wa darasa la nne anaweza. Kasoro yake ni kwamba lazima upige magoti, jicho liwe sawa na maji. Mvua ya kwanza ya maisha yangu ya kazi niliisoma nimesimama, kwa kuihurumia suruali. Lugembe alinikandamiza bega mpaka nikapiga magoti kwenye tope. "Ukisoma kutoka juu unaiongezea nchi maji isiyokuwa nayo," alisema. Tangu hapo sikuwahi kuvaa suruali ya maana kazini.

Ni yeye pia aliyenifundisha namna ya kuulizwa kuhusu tetemeko. Likitokea, hata dogo, watu walikuja mpaka getini. Wengine walitulaumu: mbona ninyi wa hali ya hewa hamkutangaza? Wengine walikuja na elimu yao. Wazee walisema kuna joto fulani zito, lisilo na upepo, majani hayatikisiki, hilo ni joto la tetemeko. Lugembe hakuwacheka. Aliwahi, kwa miaka yake mwenyewe, kurudia vipimo vya joto, upepo na mgandamizo wa hewa vya siku za kabla ya kila mtikisiko, akitafuta joto hilo. Hakulipata. Ardhi ilitikisika masika, ikatikisika kiangazi, ikatikisika asubuhi za baridi watu wamejifunika blanketi. "Wanaikumbuka siku ya joto," alisema, "kwa sababu siku ya joto walikuwa nje."

Alinionya pia nisijifanye najua yaliyo chini. Wapo wataalamu wa miamba wanaosema uzito wa maji mengi, ziwa likijaa au mvua kubwa ikizama chini, unaweza kuusukuma kidogo mwamba ambao ulikuwa karibu kuteleza. Labda. Bonde la ufa liko mashariki yetu, ng'ambo ya Meatu, na lina shughuli zake lenyewe tangu kabla ya mvua za babu zetu. Mimi nilijifunza kusema hivi: mvua haiiti tetemeko, na tetemeko haliiti mvua, na kinachoweza kuwepo kati yao ni kidogo mno kuonekana kwenye kopo la bati. Ni jibu la kweli. Ni jibu baya sana kumpa mtu aliyefiwa, kama nitakavyoeleza.

Lugembe alistaafu, akafariki, na mimi nikapewa kazi ya kuzungukia vipima mvua vya vijijini. Hii ndiyo niliyoipenda. Vipima hivyo husomwa na watu wa kujitolea, mwalimu, mchungaji, mkulima wa pamba, na adui zao ni mbuzi wanaokunywa kipimo, na wanunuzi wa vyuma chakavu wanaonunua kipima chenyewe. Nilizunguka kwa pikipiki na stoo nzima mgongoni. Msomaji wangu bora alikuwa mjane wa kijiji kimoja upande wa Mwanhuzi, kwenye mbuga za udongo mweusi ambako ng'ombe ni wengi kuliko miti. Jina lake Limi. Nilimwita Mayu, kama ambavyo ningemwita mama yangu.

Kopo la mvua aliachiwa na mumewe. Wakati wa msiba nilikwenda kulichukua, nikamkuta amepiga magoti mbele yake na nguo nyeusi, anasoma. Hakuna aliyemfundisha. Akaniuliza kama nimekuja kwa ajili ya marehemu au kwa ajili ya kopo, na nilipotafuta maneno akasema, "Kopo lipo kazini. Kaa ule." Alikuwa na ulimi mkali na ugoro mkali zaidi. Kuni kule hakuna, wanapikia samadi iliyokaushwa, na moshi wake ulikuwa umeyafanya macho yake mekundu. Mliokulia Usukumani mnajua macho mekundu ya mwanamke mzee husomwaje: mchawi. Nilikuwa na hofu kwa ajili yake tangu zamani, na nilimwambia. Alinijibu kwamba macho yake yanaona mistari ya gilasi, hiyo inamtosha.

Kila asubuhi alinitumia ujumbe kwa simu. Namba tu, na siku za ukame neno moja: hakuna.

Halafu ukaja ule ukame ambao hata ninyi wadogo mnaukumbuka. Vuli haikuja, masika yalipita juu yetu kama wageni wa jirani. Udongo mweusi wa mbugani una tabia yake: ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka. Nyufa zilifunguka mashambani mpaka ndama wakawa wanavunjika miguu. Nyufa zilizoanzia shambani zilipita chini ya nyumba na kupanda ukutani. Kule wanajenga kwa matofali ya tope yasiyochomwa, na hakukuwa na nyumba isiyo na ufa unaopitisha mkono. Mayu Limi alinionyesha wa kwake, kwenye ukuta wa chumba alicholala, akasema hahitaji tena dirisha.

Katika hali hiyo ndipo ardhi ilipotikisika. Mtikisiko wenyewe ulikuwa wa kawaida, Bariadi wengine hawakuusikia. Lakini kuta zilizokwisha kupasuliwa na ukame hazikuhitaji zaidi ya hapo. Kule kijijini ukuta wa jiko ulianguka nyumbani kwa Maduhu, kamanda wa sungusungu, walinzi wa kijiji, ukamuua mjukuu wake wa kike aliyekuwa anasonga ugali. Maduhu nilimfahamu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa ameyarudisha makundi mengi ya ng'ombe walioibiwa, na yule mtoto alikuwa akimshika mkono kumwongoza mnadani kwa sababu jicho lake moja lilikuwa limeharibika. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Baada ya matanga, mtendaji wa kijiji aliniita nikazungumze na watu kwenye mkutano. Alisema wanataka elimu. Nilifurahi, Mungu anisamehe, maana ni mara chache mtu wa vipimo huombwa kuzungumza. Niliwapeleka mpaka shambani, nikawaonyesha nyufa, nikachukua bonge la udongo mkavu na bonge lililolowa wakaona tofauti. Nikawaambia tetemeko lilikuwa dogo, kilichoua ni ukuta, na ukuta ulipasuliwa na ukame. Walinifuata neno kwa neno. Waliitikia kwa vichwa. Sijawahi kusikilizwa vile.

Maduhu alisimama, amevua kofia.

"Wabeja, asante, mtaalamu. Umesema vizuri. Kwa hiyo ukame ndio uliopasua ardhi."

"Udongo wa juu, ndiyo."

"Ukapasua na ukuta wangu."

"Ndiyo, mzee."

"Na ardhi iliyopasuka lazima iyumbe, hata kitanda kikipasuka kinayumba."

Nikasema hapana, nikaeleza habari ya miamba iliyo chini sana, kwamba nyufa hizi haziifikii. Alinisubiri nimalize kwa adabu kabisa.

"Sawa. Turudi kwenye ukame. Ukame maana yake mvua haikunyesha?"

"Haikunyesha."

"Na mvua inayokuja kijiji hiki, nani anaipokea kwanza? Nani anaifungia kwenye chupa, anaihesabu, halafu anapeleka habari zake Bariadi?"

Hakuna aliyetaja jina. Watu waligeuka tu, mmoja mmoja, kuelekea upande wa boma la Mayu Limi, ambako kopo la bati lilikuwa linameta juani. Nilipiga kelele nyingi pale. Niliwaambia kopo kama hilo liko kwa mchungaji, liko shuleni, liko kwangu. Mtu mmoja akajibu kwamba kwa mchungaji kumenyesha kidogo. Ilikuwa kweli, kulinyesha kidogo, mimi mwenyewe nilikuwa na kipimo.

Wengi wape, usipowapa watachukua wenyewe. Sungusungu hawakumpiga Mayu Limi wala hawakumtukana. Walimtenga. Asiyejua adhabu hiyo aielewe: mtu aliyetengwa hasalimiwi, hapewi moto wala chumvi, hachoti maji wenzake wakiwepo, na hata akipiga mwano, ule ukelele wetu wa kuomba msaada ambao kila mtu akiusikia huacha alichoshika na kukimbia, haendi mtu. Atakayekwenda naye anatengwa. Adhabu inaisha ndugu wa mtu akitoa ng'ombe, kijiji kikala, kikasamehe. Mayu Limi alisema hana kosa la kulipia ng'ombe.

Nilikwenda kwake nikamsihi. Niliongea Kisukuma, niliongea Kiswahili, nilitaka kupiga magoti.

"Mayu, nilichukue kopo. Yaishe."

"Ukilichukua leo, watasema kumbe kweli."

"Basi nenda kwa mdogo wako Binza. Mimi natoka kule, nitakupeleka mwenyewe."

"Na ng'ombe zangu zinywe wapi, nyumbani kwako?" Akavuta ugoro wake. "Mwanangu, mimi nasoma maji. Sikuyaleta, sikuyazuia. Wewe si ndiye mkubwa wa maji? Waambie."

Niliwaambia. Niliwaambia mpaka mtendaji akaacha kupokea simu yangu. Nilikwenda kituo cha polisi. Wakaniuliza, amepigwa? Hajapigwa. Ametishiwa kwa silaha? Hapana, hasalimiwi. Kijana wa kaunta alinitazama kwa huruma, akasema kutosalimiwa siyo kosa la jinai. Mpaka leo natafuta jibu lake.

Siku chache baadaye sungusungu waliling'oa kopo, wakalitupa kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe. Na mvua ikanyesha.

Kwa vipimo vyetu mvua ile ilikuwa njiani tangu mapema, mawingu yake yalionekana kabla kopo halijaguswa, na ilinyesha Maswa, Itilima na Busega ambako hakuna aliyeng'oa kitu. Lakini ilinyesha. Mtu aliyekaa kijiji kile, aliyeona kopo likitoka na maji yakiingia, ungemwambia nini? Mimi nilikaa ofisini nikisikiliza inavyopiga bati, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliichukia mvua.

Asubuhi ile ujumbe wake ulikuja kama kawaida. *Imenyesha. Sina kopo. Nimeweka sufuria.* Sufuria siyo chombo cha kupimia, mdomo wake ni mpana na maji yanaruka. Kipimo chake hakiwezi kuingia popote. Nikamjibu asante Mayu, ukaushe nyumba. Akanijibu: *Ukuta unakunywa.*

Hiyo ndiyo sehemu ya elimu yangu ambayo sikuwahi kuifikisha kwa watu. Ukuta wa tope uliopasuliwa na ukame hauuawi na ukame. Unasimama hivyo hivyo. Ni mvua inayokuja baadaye ndiyo inayoingia kwenye ufa na kuulainisha kutoka ndani, na hapo hata lori likipita barabarani linatosha. Nilikuwa natafuta gari la ofisi nikamtoe kwa nguvu, gari lilikuwa gereji, na pikipiki haipiti mbugani mvua ikiwa imenyesha. Udongo ule unashika gurudumu mpaka linakataa kuzunguka. Nilimpigia simu nikamwambia asilale chumba kile. Akasema ng'ombe wako kile kingine, yeye ni mzee mmoja, ng'ombe ni wengi.

Ardhi ikatikisika tena kidogo, mchana, mvua ikinyesha. Sisi Bariadi hatukuhisi chochote. Ujumbe wa asubuhi iliyofuata haukuja.

Nilifika kwa miguu kutoka barabara kuu, viatu mkononi. Ukuta ulikuwa umelala ndani, bati juu yake. Hakuna aliyekuwa amesogeza hata tofali moja. Ng'ombe walikuwa wanalia kwenye kile chumba kingine, hawajakamuliwa. Nilifukua kwa mikono, na tope likiwa limelowa ni zito kama mtu aliyelala. Alikuwa amekufa, amebanwa kuanzia kiunoni kwenda chini. Kifua, mikono na uso vilikuwa wazi.

Nilielewa maana yake hapo hapo, lakini nilimtaka mtu aniambie. Jirani yake wa karibu, mama mmoja aitwaye Kulwa, alisimama nje ya ua bila kuingia.

"Alipiga mwano?" nikamuuliza.

"Alipiga."

"Mlisikia?"

"Tulisikia wote. Alianza na mwano. Baadaye akawa anataja majina. Langu alilitaja. Nilizaa watoto wangu wote mikononi mwake, baba. Akataja na la Maduhu. Mpaka jioni sauti ikakauka."

"Na Maduhu?"

"Alikaa mlangoni kwake na fimbo, anaangalia nani atatoka." Akafuta uso. "Alikuwa analia naye."

Hata kumzika haikuwezekana, maana alikuwa bado ametengwa na hakuna jembe ambalo lingegusa kaburi lake. Mdogo wake alikuja kutoka Binza, akatoa ng'ombe mmoja wa marehemu. Ng'ombe akachinjwa, akaliwa, msamaha ukatangazwa. Kisha wanaume walifuta mikono wakaenda kuchimba. Walichimba vizuri, na waliimba vizuri. Mimi sikula, na sikuimba.

Mvua ile haikukoma. Mnakumbuka. Baada ya ukame tukapata masika ya kulipiza kisasi, pamba ikaozea shambani, mpunga ukafunikwa, lambo likapasua kingo zake. Siku moja asubuhi nimemaliza kusoma vipimo, Neema akaniambia kuna mzee getini amelowa. Alikuwa Maduhu. Alikuwa amekonda, na hakukuwa na mtu wa kumshika mkono.

Tukasalimiana mwangaluka, salamu yetu ya asubuhi, kwa sababu mtu husalimiwa.

"Mtaalamu," alisema, "tunaangamia. Maji yamezidi. Lile kopo tulilitafuta lambo lilipopasuka, hatukuliona. Tunaomba lingine."

"La nini?"

"Lifunge mvua kidogo. Si kabisa. Kidogo tu."

Nilikuwa nimeshika gilasi mkononi. Niliiweka chini polepole, kwa sababu niliogopa nitakachoifanyia. Nikamuuliza nani atalisoma. Akasema atalitunza mwenyewe, kwake kuna uwanja mpana.

"Na jua likirudi, mzee? Likawa kali, ardhi ikapasuka tena?"

Aliligeuza jicho lake zima akaniangalia, na nikaona kwamba ameelewa, yote, tangu mwanzo hadi mwisho. Nilidhani sasa atataja jina la Mayu Limi, na nilikuwa tayari kumshika mkono na kulia naye, maana alikuwa amefiwa kabla yangu.

"Basi kwangu lisiwekwe," alisema. "Kuna mama mwingine pale karibu na lambo. Mjane. Uwanja wake ni mzuri."

Nilifunga stoo, nikaweka ufunguo mfukoni, nikamwambia aondoke. Vipima vipya vilikuwepo, vinne, kwenye maboksi yao. Makao makuu wameandika mara nyingi kutaka kijiji kile kipate msomaji, na kila mara nilijibu kwamba hajapatikana anayefaa. Sasa barua hizo mtazijibu ninyi. Atakuja mtu mwenye kompyuta, ataona pale upande wa Mwanhuzi hakuna namba, na atataka kupajaza kwa kukadiria kutoka vipimo vya majirani. Mwambieni majirani walikuwepo wote nyumbani siku ile, na walisikia.